Baskili ya Rwambuzi

Juzi nilipita Rwambuzi, mutaa yetu ya zamani, rafiki, nikaona mahali mashini ya kusaga muhogo ilikuwaka. Sasa ni duka ya telefone, miziki inapiga mpaka barabarani. Lakini ku simenti ya mulango, alama ine za miguu ya baskili zingali pale. Nikaweka viatu vyangu katikati yazo, na mara moja nikaogopa kama mutoto anayepimwa kilo. Mie mutu mukubwa! Uoga ya utoto haijue kama umekomaa.

Baskili ilikuwa ile kipimo kubwa ya chuma ya kupimia magunia. Gunia yako ikishuka, weye mutoto unapanda, na mwenye mashini anaita kilo zako kwa sauti, mustari muzima usikie. Ukiwa umeongeza, wamama wanapiga makofi. Ukiwa umepungua, wanamuangalia mukubwa wako kwa huruma. Wengi wetu tulikimbia vita kule Djugu, na ku siye kupungua kulikuwa na maana moja tu: njaa imerudi.

Tate, mama ya mama yangu, ndiye alinikomalisha. Alikuwa munene, anakaanga mandazi mbele ya nyumba, na kila mupita njia anamusifu: “Mama, unaonekana vizuri!” Yeye anacheka mpaka kiti inalia. Alisemaka kila siku, “Mufupa haifukuzi baridi,” kisha ananiongezea bugali.

Halafu mwili yangu ikaanza mambo yake. Chunusi ku paji ya uso, kifua inauma nikikimbia na bidon ya maji, jipo ya bulu ya masomo inakataa kufunga ku kiuno. Ku baskili wamama wakapiga makofi, na kijana mumoja ku mustari akasema, “Huyu anavimba kama mandazi ya tate yake!” Nikacheka nao. Ile wakati sikujua kitu.

Asubuhi moja tate akaanguka pembeni ya karai. Mukono moja haikusikia tena, kinywa imepinda, mandazi zinaungua na hakuna mutu wa kuzitoa. Majirani wakamubeba ku kituo ya afya. Mie nilibaki ku mulango na viatu vyake mukononi, ndipo nikasikia munganga, mwanamuke mupole, akiwaambia, “Ni tansio, presha ya damu. Na hii uzito yote, moyo inachoka. Akiendelea hivi, itamuua.”

Uzito inaua. Ni hiyo tu niliyosikia. Na mie kilo zangu zilikuwa zinapanda.

Tate akarudi nyumbani na fimbo. Mie nikaacha kula. Bugali naificha ndani ya sweta, naenda kuipa kuku ya jirani. Sombe, ile majani ya muhogo nilipenda sana, naitazama kama sumu. Kila mara nagusa kinywa yangu, nione kama imeanza kupinda.

Tulipofika tena ku mashini, nilipanda nimefunga macho. Mwenye mashini akaita kilo kwa sauti ndogo. Makofi, hakuna. Nikafurahi! Nikafungua macho, nikaona tate. Uso yake imekauka, ananisogelea na fimbo.

“Nani anakunyima chakula?”

“Hakuna mutu, tate.”

“Basi uko mugonjwa?”

“Hapana. Sitaki kuanguka kama weye.”

Hakunigombeza. Aliketi palepale juu ya gunia ya wenyewe. “Njaa tuliikimbia,” akasema, “na weye unaiita irudi?” Ndipo akalia mbele ya mustari muzima. Sikuwa nimeona bado mutu mukubwa akiogopa juu yangu.

Tukaenda wote wawili ku munganga. “Yako, binti,” akaniambia, “ni mwili inageuka ya mwanamuke. Inajenga, inalomba chakula. Ukiinyima, weye ndiye utaanguka. Ya mama muzee ni ingine, damu yake inasukuma kwa nguvu sana. Mama, punguza chumvi na mafuta, na utembee.”

“Nitembee?” tate akaruka. “Nilitembea toka Djugu mpaka hapa na huyu ku mugongo, haitoshi?”

Hata munganga akacheka. Lakini alitembea. Kila asubuhi tulielekea upande wa muto Shari, mukono yake nzito ku bega yangu, mie namuelezea vile nitaendesha ndege na yeye atakaa ku dirisha. “Ndege itakubali hizi kilo?” anauliza. Akisimama kupumua, mie naacha kupumua. Ile uoga haikutuacha, ilikuwa inatembea na siye. Maharagi bila chumvi aliyatukana, akayala. Na mie, alisimama mbele yangu na fimbo mpaka sahani iishe.

Aliishi mpaka jipo yangu ya bulu ikapita ku mutoto wa jirani. Kisha ile moyo ikachoka kweli.

“Dada, unatafuta unite ya kupiga simu?” kijana ya ile duka ya telefone akaniuliza juzi, mie ningali ku simenti. Pengine ni vizuri hakuna tena mutu wa kuita kilo za watoto mbele ya watu. Ilikuwa inatisha. Lakini siku hizi nikirudi nimechoka, nikalala bila kula, hakuna anayejua. Ndiyo maana pale ku simenti nilifunga macho. Kilo sikuziogopa tena. Niliogopa kufungua macho, nisimukute tate na fimbo yake.