Maswali Mawili Kabla ya Wimbo

Ephrasia Shirima hakuimba neno ambalo yeye mwenyewe hakuliamini. Kanuni hiyo aliirithi kwa baba yake, Mwalimu Jotham, aliyefundisha kwaya ya parokia huko Rombo kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya wimbo wowote mzee yule aligonga meza kwa rula, akamnyooshea kidole mwimbaji mmoja na kumuuliza, "Unamwambia nani?" Akijibiwa, aliuliza la pili: "Ni kweli?" Aliyebabaika aliketi hadi Jumapili nyingine, awe na sauti nzuri namna gani. Binti yake aliketishwa mara nyingi kuliko wenzake.

Mwaka 1992 Ephrasia alikwenda Minnesota kusomea uuguzi. Asubuhi alikuwa darasani Minneapolis, mchana alikuwa Burnsville kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha, akiwalisha, akiwabadilishia mashuka. Huko ndiko alikokutana na Harrison, Mmarekani mweusi wa Saint Paul aliyekaribia miaka sabini, ambaye kila Jumatano alikuja kuwapigia wazee piano. Siku moja alimsikia Ephrasia akifuatisha wimbo huku anasukuma kiti cha magurudumu. Akaacha kupiga.

"Binti, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Sijaificha. Hakuna aliyeuliza."

Nyimbo alizopiga Harrison ni zile ambazo wazee wale walizicheza ujanani, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila mwimbaji wa jazi Marekani hupita humo, kama kila mpishi wa pilau anavyopita kwenye mchele ule ule. Tofauti ni mkono. Ephrasia aliziingia kwa njia aliyoijua. Aliandika maneno kwenye daftari, Kiingereza kushoto, tafsiri yake ya Kiswahili kulia, na juu ya kila mstari akaweka sauti kwa herufi za kwaya: d, r, m, f, s.

Harrison alivaa miwani, akaligeuza daftari juu chini. "Hii ni nini? Dawa ya mgonjwa?"

"Ni muziki."

"Muziki hauko hivi."

"Wako ndio hauko hivi. Wako ni mbu waliokufa kwenye waya."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo walifanya kazi pamoja miaka mitatu, kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli moja mjini Saint Paul. Ephrasia alikuja moja kwa moja kutoka misa, akiwa na gauni lake la misa.

Harrison alimfundisha kuchelewa nyuma ya mdundo, na kumwachia piano nafasi ya kujibu. Lakini mengine yalikuwa ya Ephrasia. Nyimbo nyingi za zamani zina utangulizi ambao waimbaji huuruka ili wafike upesi penye utamu. Yeye hakuuruka. "Mtu haanzi kulia kabla hajasema kilichompata," alisema. Kulikuwa na wimbo wa mwanamke anayeandaa meza ya watu wawili ilhali yuko peke yake, na Harrison alikuwa ameuzoea kwa kasi, wa kuchezeka. Ephrasia aliupunguza nusu. "Anayeweka sahani ya mtu asiyekuwepo hana haraka, mzee." Nyimbo za mbwembwe, za kusifia mwezi na midomo, alizirudisha. Akiulizwa sababu, alijibu kwamba hana wa kumwambia.

Wa kumwambia alikuwa mmoja tu. Nestor, mume wake, walifunga ndoa mwaka 1987, akabaki Rombo akifundisha shule ya msingi na kungoja viza. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyekuwa na tabia ya kumshika Ephrasia kisigino wakati anasoma gazeti, kana kwamba asipomshika ataondoka. Kwa ajili yake Ephrasia aliimba ule wimbo uliowavuta watu hotelini kuliko yote: mwanamke yuko stesheni, treni zinapita, na kila ubeti unaishia kwa ahadi kwamba atamngoja. Aliuimba bila kupamba, kama mtu anayetoa taarifa. Wanaume waliacha uma hewani. Mwanzoni mwa vuli ya 1996 mtu mmoja mwenye studio ndogo Minneapolis aliwasikia, akataka kurekodi kanda ya nyimbo kumi, na ya kwanza iwe hiyo. Siku ikapangwa: Jumapili ya tatu ya Novemba.

Alhamisi kabla ya siku hiyo ikaja barua ya Nestor.

Viza ilikuwa imekataliwa mara ya tatu. Baba yake alikuwa hoi kitandani, na Nestor ndiye kitinda mimba. Kwa desturi yao kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ni chake, na wazee ni wake. "Sitakuja tena huko," aliandika. "Kwa Desemba nne sasa watu wote wamerudi nyumbani, hata wa Dar, hata wa Mwanza, na mimi nakaa na ndugu zangu wakiniuliza mke wangu yuko wapi. Njoo Desemba hii tukae. Usipokuja, usiniambie tena kwamba unaningoja."

Ephrasia aliisoma jikoni, koti la theluji bado mwilini. Aliyekaa naye nyumba moja, Serah, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi naye kule kwa wazee, alimtazama, akazima jiko.

"Ni nini? Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Nestor anataka nirudi Desemba."

"Na masomo? Umebakisha mwaka. Na vile makaratasi yako yako, ukitoka hurudi."

"Najua."

"Basi mwandikie unakuja. Desemba ikifika, sema wamekunyima ruhusa kazini. Ushikilie bwana mpaka umalize."

"Nimdanganye?"

"Wee, usiite hivyo. Ita kumtuliza." Serah aliketi. "Na Jumapili uende u-record hiyo kanda. Usituletee mambo ya Mwalimu Jotham hapa. Nani atajua?"

"Mimi, Serah."

"Haya, wewe. Mtakatifu wa Burnsville."

Jumamosi walifanya mazoezi sebuleni kwa Harrison. Ephrasia alianza kama kawaida yake, kwa kusema maneno kabla ya kuyaimba, kwa Kiswahili, taratibu. Unamwambia nani? Nestor. Hapo hakukwama. Alifika kwenye ahadi, akajiuliza la pili, akafunga daftari.

Alikuwa amedhani kwamba anayemnyima mume ni ubalozi. Sasa aliona jambo lingine, na alipoliona hakuweza kulifumbia macho. Barua ilipomwambia njoo, kitu cha kwanza moyoni mwake hakikuwa furaha, wala makaratasi. Kilikuwa hofu ya kuacha: chuo, kazi, Jumapili hizi. Alimtamani Nestor hadi mifupa ikamuuma. Usiku mwingine aliamka kisigino chake kikiwa na baridi kuliko mguu mzima. Lakini anayengoja huwa tayari kwenda. Yeye hakuwa tayari. Kutamani na kungoja si kitu kimoja, na kwa muda gani alikuwa amevichanganya, hakujua.

"Huu siwezi," alimwambia Harrison. "Zingine tutaimba."

"Huu ndio wanaoutaka."

"Si kweli tena."

Harrison aliondoa mikono kwenye piano. "Nisikilize. Waliotunga nyimbo hizi walikaa chumbani wakitunga tatu kwa siku. Hawakumngoja mtu yeyote. Hata aliyeandika huo, huenda mkewe alikuwa chumba cha pili akimkaripia."

"Hiyo ni shauri yake."

"Ni wimbo, binti. Si kiapo mahakamani."

"Kwa baba yangu ilikuwa kitu kimoja."

"Baba yako alirekodi kanda ngapi?" Mzee alijuta alipokwisha sema, akamimina kahawa ili afanye kitu.

Jumapili walikwenda studio. Walirekodi nyimbo tisa, ile ya sahani mbili ikiwemo, na zote zikatoka vizuri. Mwenye studio aliuliza wa kumi. Harrison hakumtazama Ephrasia. Alianza tu kupiga utangulizi wa stesheni, kwa upole, kama mtu anayefungua mlango na kuuacha wazi.

Ephrasia alisogea kwenye maikrofoni. Maneno hakuyatoa. Aliimba herufi za daftari lake, so na mi na re, sauti baada ya sauti, hadi mwisho, na mahali pa ahadi akaimba la, so, do, akaishia hapo. Harrison alimfuata bila kuongeza pambo hata moja.

"Ni kitu kizuri sana," mwenye studio alisema walipomaliza. "Sasa tupate na ule wenye maneno."

"Hakuna wenye maneno," Ephrasia alisema.

Kanda haikutoka. Mwenye studio alisema hawezi kuanza kuuza mwimbaji bila wimbo wake, na hakuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo. Harrison aliendelea hotelini na mwimbaji mwingine baada ya Krismasi, kwa kuwa watu waliendelea kuomba wimbo ambao Ephrasia aliendelea kuukataa.

Barua ya Nestor aliijibu Jumatatu, kabla ya zamu. Serah alisimama nyuma yake na kikombe, akisoma juu ya bega bila aibu. Ilikuwa mistari michache. Ephrasia aliandika kwamba Desemba haji. Aliandika kwamba makaratasi ni sababu moja, na ya pili ni kwamba anataka kumaliza alichokianza, na kwamba ya pili ndiyo kubwa. Aliandika kwamba anamtamani kila siku. Neno kungoja hakuliandika.

"Umejimaliza," Serah alisema.

"Nimesema kweli."

"Ndiyo hiyo."

Mwaka uliofuata Nestor alimchukua mwanamke mwingine akae naye kihambani, naye mwanamke huyo akamzalia mtoto wa kiume. Ephrasia alihitimu, akawa muuguzi. Ndoa ya kanisani haikuvunjwa, na yeye hakuwa mtu wa kuomba ivunjwe, wala wa kuishi kama imevunjwa. Kwa kukataa kusema uongo katika wimbo mmoja na barua moja, alipoteza mume, kanda, na watoto ambao angewazaa.