Kwa Anti Lan Hakuna Kuulizwa Mara Mbili

Mara ya kwanza nilipoalikwa kula kwa Anti Lan nilirudi nyumbani na njaa. Na chakula kilikuwepo tele. Tambi pana za mchele zilikuwa zinaogelea kwenye supu, kuku wa kuchemsha amekatwakatwa, na kando yake bakuli la pilipili ya kusaga, nyekundu mpaka inatisha. Anti mwenyewe alinijia na sahani mkononi, akaniuliza, "Vimlesh, nikuwekee?"

Mimi nimelelewa na bibi yangu kule Lautoka, Fiji, kwa hiyo nikajibu kama nilivyofundishwa. "Aa, hapana Anti, nimeshakula. Usijisumbue."

"Sawa," akasema, akageuka, sahani akampa mwingine.

Nikakaa nikisubiri aulize tena. Kila mtu ninayemjua duniani angeuliza tena, na mara ya tatu angenipakulia kwa nguvu. Yeye alikwenda zake kuketi, akaanza kula. Wenzangu mezani walikuwa wanavuta tambi huku wakinitazama kwa jicho la pembeni na kubana kicheko. Nilikunywa maji glasi nzima kujipa shughuli.

Vyombo vilipotolewa ndipo akaja kukaa karibu yangu.

"Una njaa?"

"Kidogo, Anti."

"Acha uongo. Tumbo lako nimelisikia toka jikoni. Uliposema hapana, ulikuwa na maana gani?"

"Nilikuwa na maana... uniulize tena."

"Haya. Juma hili unakwenda kuonana na wale watu wa studio ya filamu kule Henderson. Wakikuuliza kama unaweza kunasa sauti mvua ikiwa inanyesha, utawaambia nini? Utawaambia msijisumbue?"

Akanipiga kibao chepesi begani.

"Wale hawaulizi tena, mwanangu. Kwao hapana ni hapana. Si ubaya, ndivyo walivyolelewa. Sasa nenda ukale kwenu."

Na kweli hakunipa hata kipande cha kuku cha kuondokea. Nilimkasirikia njia nzima. Lakini nilipokaa mbele ya wale watu wa Henderson na mmoja wao akaanza kuuliza kama naweza, nilisema ndiyo kabla swali halijaisha. Hiyo ndiyo kazi iliyoniingiza kwenye filamu, na bado nashika kipaza sauti mpaka leo.

Jina lake kamili ni Yap Siew Lan, mzaliwa wa Ipoh, Malaysia. Alikuja hapa Auckland akiwa bibi arusi. Mume akapata kazi Australia na mke mwingine hukohuko, Lan akabaki na chumba cha kupanga na sanduku la vipodozi. Akaanza kupamba maharusi wa Kichina, kisha watangazaji wa televisheni, kisha waigizaji. Sasa hakuna mtu wa maana katika filamu za nchi hii ambaye hajawahi kukalia kiti chake.

Na kile kiti, ndugu zangu, si kiti cha kupambwa tu. Ukikikalia huwezi kukimbia, maana ana brashi karibu na jicho lako. Hapo ndipo anapokutajia majina. Mtayarishaji anapakwa poda kwa ajili ya mahojiano, anasikia sauti ya upole juu ya kichwa chake: "Usifumbue macho. Yule kijana wa Kikorea anayebeba taa zako, umewahi kuona picha zake? Fumba, nimesema. Utaziona leo." Watu wameajiriwa hivyo, anayewaajiri akiwa amechorwa nyusi upande mmoja tu.

Wapo wanaoandaa mikutano ya kufahamiana, na nia yao njema. Unapewa kibandiko cha jina, glasi ya mvinyo na kipande cha jibini, halafu Waasia wote tunajikuta kona moja tukiulizana tumetoka wapi. Nimekwenda ya kutosha, na nimerudi na jibini tumboni. Anti Lan yeye aliamua kupika kila Jumapili mchana nyumbani kwake Mount Roskill, akaweka sheria moja tu: hapa hakuna kuulizwa mara mbili. Sisi wote tunamwita Anti, tuwe Wakorea, Wafilipino au Wahindi wa Fiji kama mimi. Wazungu wanamwita Lan.

Tae-min ndiye yule kijana wa kubeba taa. Aliishika ile sheria mpaka akapitiliza. Siku moja aliulizwa kama anaweza kupiga picha chini ya maji, akasema ndiyo papo hapo. Alikuja Jumapili amepauka.

"Anti, nimekubali."

"Vizuri! Tatizo nini?"

"Sijui kuogelea."

Tulicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa na supu. Anti hakucheka. Alimpeleka kwenye bwawa la mtaani asubuhi baada ya asubuhi kabla ya kwenda kazini, akasimama ukingoni na koti lake la mvua akipiga kelele, "Piga miguu! Umesema ndiyo, sasa piga miguu!" Wazee wa pale bwawani walidhani ni mama yake. Tae-min aliipiga ile picha, na leo watu wanamtafuta kwa kazi za majini.

Kwa nini alijitia taabu yote hiyo? Alitueleza siku moja akiosha vyombo, ametugeuzia mgongo. Anti Lan alitaka kuongoza filamu. Si nyingi. Moja, iwe yake, yeye ndiye aseme kamera ikae wapi. Hilo alilitaka kuliko kitu chochote, na nafasi aliwahi kuipata.

Alikuwa bado kijana. Walikuwa wanatengeneza tamthilia ya familia ya Kichina yenye bustani ya mboga, na kila siku mwongozaji alikuwa anamwita Lan kumuuliza: bibi huyu angekaa wapi mezani, angemwita mkwewe vipi. Basi mtayarishaji, ambaye sasa ni marehemu, alipokuwa kwenye kiti akamwambia, "Lan, kwa nini usiongoze wewe sehemu ya mwisho? Hawa watu unawajua kuliko sisi sote."

"Moyo uliniruka," Anti alisema. "Na mdomo wangu ukasema, aa, mimi? Hapana, hapana, mimi sijui kitu, wapo wanaofaa. Mama yangu Ipoh alikuwa ananifinya paja chini ya meza nikikubali kitu mara ya kwanza. Nilikuwa nakisikia kile kidole chake, jamani, na yeye yuko ng'ambo ya bahari."

"Yule bwana akasemaje?"

"Akasema, oo, samahani, sikutaka kukubebesha mzigo. Nikasubiri aulize tena. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua kamera ikae wapi. Kesho yake wakatangaza jina la mtu mwingine." Alisugua sufuria kwa muda, nayo ilikuwa imeshatakata kitambo. "Nikampaka poda mwigizaji aliyecheza mama wa ile familia. Yeye analia kwa kuigiza, mimi nalia kweli, vipodozi vyote vikaharibika."

Hakuna aliyecheka. Nampenda Anti, nasema wazi, na siku ile nilitamani kumfufua mtayarishaji yule nimshike shati, ingawa hana kosa lolote.

Amihan alikuja baadaye kidogo. Ni binti wa Kifilipino, mwandishi, mpole mpaka unataka kumtikisa. Jumapili zake za mwanzo alilala njaa mara nyingi kuliko sisi wote. Aliandika hadithi fupi ya filamu kuhusu mfanyakazi wa nyumba ya wazee anayewatia bibi anaowatunza rangi ya nywele siku za mapumziko. Anti aliisoma, akaingia chumbani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na kusema tu kuwa ukurasa wa pili una maneno mengi. Kisha akampitishia Heather Tindall, mtayarishaji, akiwa kitini, bila shaka na brashi jichoni.

Heather akaipenda, na hela za kuitengeneza zikapatikana. Kilichobaki ni mwongozaji. Amihan alimwambia Heather anamtaka mtu mmoja tu.

Jumapili Heather alipoalikwa, Amihan alinivuta jikoni.

"Kaka Vimlesh, Heather atamuuliza Anti leo. Mezani."

"Vizuri sana."

"Akisema hapana je?"

"Atasema hapana," nikamwambia. "Wewe humjui? Anafundisha watu lakini mwenyewe hajawahi kufanya mtihani."

"Basi tumwambie Heather amuulize tena."

"Umwambie Mzungu ambembeleze mtu mzima aliyeshakataa? Ataona anamdhalilisha."

Amihan akauma kidole. Alisema Heather ana jina la mwongozaji mwingine tayari, na wenye hela wanataka jibu kesho. Tukarudi mezani.

Heather ni mwanamke mrefu, anapenda ile pilipili ingawa inamgeuza rangi kama nyanya. Alifuta jasho, akaweka vijiti chini, akasema, "Lan, nimekuja na jambo. Filamu ya Amihan. Ningependa uiongoze wewe. Utakubali?"

Anti Lan alikuwa ndiyo kwanza amejipakulia. Nilimwona uso unavyomwiva, na mkono wake unavyoshuka polepole kwenye paja, pale mama yake alipokuwa akimfinya.

"Aa, Heather, mimi?" akasema. "Mimi mtu wa poda. Hata macho siku hizi hayaoni vizuri. Wapeni vijana."

Tae-min akafumba macho. Mimi nilishika ukingo wa meza. Na Heather, Mungu ambariki, akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

"Naelewa, Lan. Nashukuru umeniambia wazi."

Wazi! Nilitaka kupiga yowe. Mkono wa Heather ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba kutafuta simu.

Hapo Amihan akasimama. Alizunguka meza, huyo binti asiyeweza kuomba chumvi, akafika kwa Anti Lan, akachukua sahani yake. Imejaa, mvuke unatoka, haijaguswa.

"Sawa, Anti," akasema. "Nimesikia hapana."

Akaenda nayo jikoni.

Heather akaduwaa. "Kwani kuna nini? Chakula kimeharibika?"

Anti Lan alikuwa anatazama pale sahani ilipokuwa, pamebaki duara la maji kwenye kitambaa.

"We Amihan," akaita.

"Abee, Anti."

"Hiyo sahani ni yangu."

"Ilikuwa yako, Anti."

"Mtoto huyu hana adabu."

"Umenifundisha mwenyewe," Amihan akajibu kutoka jikoni, na nilijua kwa sauti yake kwamba analia.

Anti akamgeukia Heather, ambaye alikuwa ameishika simu na hajui aifanyie nini. "Heather. Lile uliloniuliza. Niulize tena."

Sote tukapiga meza kwa pamoja, vikombe vikaruka. "Hapana! Hakuna! Hapa hakuna kuulizwa mara mbili!" Tae-min alisimama kabisa. Mimi nilikuwa napiga kelele kuliko wote, koo likaniuma.

"Nyamazeni!" Anti akafoka. "Nyamazeni, washenzi nyie, nawalisha halafu mnanipigia kelele nyumbani kwangu!"

Aliinua ule mkono kutoka kwenye paja, akauweka juu ya meza ambapo kila mtu aliweza kuuona.

"Nataka kuiongoza," akasema. "Nimetaka toka ukurasa wa kwanza. Najua kamera itakaa wapi. Yule bibi anapotiwa rangi tusiuone uso wake, tuone mikono ya anayemtia. Nataka, Heather. Usimpe mtu mwingine."

Heather alimtazama, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja kama watu waliorukwa na akili. Akarudisha simu mkobani.

"Basi ni yako," akasema. "Mngeniambia tu."

Anti Lan alijifuta macho kwa kitambaa cha meza, kile ambacho sisi tukikigusa anatugombeza. Amihan akarudi na sahani, akaiweka mbele yake taratibu. Mvuke ulikuwa umeisha, mafuta yameanza kuganda juu ya supu.

"Anti, imepoa. Nikupashie—"

"Ndiyo," akasema Anti Lan.