Besi ya Baba

Baba yangu hakuwa na meno ya mbele ya chini. Aling'olewa ujanani kule magharibi, kama desturi ya kwao ilivyotaka, na hakuna aliyemuuliza kama siku moja angependa kupiga tarumbeta. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, tukiishi chumba kimoja mtaa wa Kangemi, pembezoni mwa jiji, kanisa letu lilipopata bendi. Baba akapagawa. Mchana alitunza bustani ya matajiri wa Kitisuru; jioni hakuzungumzia kingine ila bendi.

Mwalimu wa bendi, karani fulani mwenye viatu vinavyong'aa, alikuja kutoka mtaa wa Woodley kila Jumamosi. Baba alipopewa tarumbeta alivuta pumzi, akapuliza kama mtu anayewasha jiko la makaa. Fuuu! Upepo ukaingia huku ukatokea kule, basi.

"Hii kitu imekufa," baba akasema.

"Mzee, shaba haina sauti yake. Sauti ni ya midomo," mwalimu akamjibu. Akabana midomo, akaitetemesha kwa pumzi: brrr, vile watoto huiga lori. Kisha akaiweka kwenye tarumbeta, na ile brrr ya kuchekesha ikatoka ikiwa wimbo. Loo! Mpaka leo nikikumbuka nasisimka. Alitueleza kwamba bomba likirefuka sauti hushuka, na vile vitufe vitatu kazi yake ni kufungua vijibomba vya pembeni ili pumzi izunguke zaidi. Mengine yote ni midomo, kuikaza na kuilegeza.

Baba akajaribu. Mdomo wa chini ukadidimia ndani, pale pasipo na meno ya kuushikilia. Mwalimu akamchungulia kinywani, akatikisa kichwa. "Pole sana, mzee. Hapa hapana ukuta." Kinywa ni jumba la maneno, wanasema, basi la baba lilikuwa limeng'olewa mlango.

Nilimchukia yule karani, nasema kweli. Baba alirudi nyumbani akakataa ugali. Mama akasema tu, "Afadhali. Tutalala."

Wapi! Baba alikuwa ameomba kile kikombe kidogo cha tarumbeta kinachowekwa mdomoni, kikiwa peke yake, akawa anakipigia brrr usiku na mchana, hadi jirani akauliza nyuki wameingia nyumba ya nani. Kila Jumamosi alirudi kwa mwalimu, na kila Jumamosi sauti ilimkatikia. Hata mimi nilianza kumwonea haya, maskini.

Mwishowe mwalimu akamletea besi, lile dude la kukumbatia, lenye bomba refu lililojikunjakunja na kikombe kipana. "Hii haitaki midomo ya kukaza," akasema. "Jaribu." Baba akapiga brrr yake. Mungu wangu! Sauti ilitoka nene, ikapita chini ya benchi nililokalia, ikapanda mgongoni. Mwalimu akamwambia aipige tena, kwa sababu alitaka kuisikia.

Pasaka bendi ilitembea barabarani, tarumbeta mbele, baba nyuma kabisa, mashavu yamemvimba, na wimbo wote umekaa juu ya sauti yake. Watu walijipanga kando ya njia. Mama akamshika mkono mwanamke asiyemjua, akamtikisa.

"Unamwona yule wa nyuma? Yule mwenye lile litarumbeta? Ni wangu!"