Zege Juu ya Baba

Mama yangu anaishi kama abiria aliyekwisha kukata tiketi. Nikileta gunia la mchele nyumbani, hapa Kibaha, ananitazama kwa huruma.

"Gunia zima la nini, mwanangu? Tutalimaliza lini?"

Kwake yeye Bwana anaweza kurudi kabla ya Jumamosi, na haoni sababu ya kumwachia mpinga Kristo mchele wetu. Mchungaji wake, mwenye kanisa la mabati nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, amewaambia dunia iko dakika za majeruhi. Basi tunanunua kilo mbili mbili. Siku niliyomnunulia binti yangu sare ya shule inayompwaya kidogo, ili akue nayo, mama aliishika sketi, akaipima kwa macho, akasema, "Hii hatafika kuijaza." Alikuwa anazungumzia unyakuo, kwamba tutakuwa tumeshachukuliwa juu. Mimi nilisikia mtoto wangu anatabiriwa kifo, nikainuka mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi pia ni Mkristo, naomba nieleweke. Naamini kuna ufufuo na kuna uzima baada ya hapa. Ninachoshindwa ni kuishi na mtu ambaye ameshafunga mizigo.

Hayo yote ningeyavumilia kama si habari ya kaburi la baba.

Baba alikuwa bwana shamba, mtu wa bara aliyeletwa huku na kazi. Alipostaafu, na mgongo wake mbovu, alinunua eneo Kisarawe, upande wa Mzenga, akapanda mikorosho na mihogo. Alipofariki tulimzika palepale, kama alivyotaka. Kaburi lake lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mbao. Kila masika mvua ilililamba, likazidi kushuka. Msalaba uliinama, tukaunyoosha, ukainama tena. Mwaka jana tulifika tukalitafuta kwa kubahatisha, kwa sababu majani yalikuwa yamefunika kila kitu. Hilo lilinitisha kweli. Nilijiona nimesimama shambani na wajukuu wake, nawaonyesha kwa kidole sehemu ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo.

Na shangazi, dada yake baba, hakunipa nafasi ya kupumua. Kila akipiga simu anaanza na salamu, anamaliza na swali lilelile: "Kaka yangu bado mmemlaza chini ya tuta la viazi?" Kwetu kaburi la mzazi hujengwa. Zege, marumaru, jina lake na tarehe zake. Mimi na wadogo zangu tukakubaliana, tukachanga. Mama akakataa.

"Mnamzibia," alisema.

"Tunamzibia nini?"

"Njia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mama, Mungu anayeweza kumfufua mtu mavumbini atashindwa na saruji?"

"Nani kasema Mungu anashindwa? Mimi namsemea baba yako. Mgongo wake si unaujua?"

"Atapewa mwili mpya."

"Kabla ya kutoka, au akishatoka?"

Nilimfuata mchungaji wake, nikitegemea kwamba yeye, aliyeuwasha moto huu, angenisaidia kuuzima. Alikuna kidevu, akasema hilo ni swali zuri sana, atalifundisha Jumapili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna kama mtoto. Nikamkumbusha mama kwamba hata Bwana mwenyewe alizibiwa kwa jiwe.

"Na malaika akashuka kuliondoa," alijibu. "Siku hiyo makaburi yatakuwa mangapi dunia nzima? Unadhani malaika wataanzia Kisarawe? Hata umeme kule wameuleta mwisho."

Ungecheka. Mimi nilikuwa nimechoka, nikapaza sauti, nikamwambia basi baba atatoka nyuma ya wenzake, kuna ubaya gani. Hapo ndipo mama aliponiambia jambo ambalo, nadhani, alikuwa akilizunguka muda wote.

"Wafu ndio wanaotangulia kufufuka, halafu sisi tutakaokuwa hai. Ndiyo mpangilio. Sasa yeye akichelewa, akawa huko anahangaika na marumaru zenu, mimi nitakuwa nimeshapita. Nitamngojea wapi? Huko njiani kuna kungojeana?"

Alisema hivyo huku anachambua mchicha, hakuniangalia. Nilimhurumia, na hasira hazikuisha. Vyote viwili vilikaa pamoja.

Tukapatana hivi: tutajenga kingo za tofali kuzunguka, na msalaba wa zege kichwani, lakini juu pabaki udongo mtupu. Nilikwenda mwenyewe Kisarawe kumweleza fundi, mtu mzima wa kijiji kile. Nilimwambia juu asizibe. Nikarudia. Nikachora mchangani kwa kijiti. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema, "Nimekuelewa dada, usiwe na wasiwasi."

Alipopiga simu kwamba kazi imekwisha, nikampeleka mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Njia nzima, toka Kibaha mpaka tunaingia shambani, alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu.

Fundi alitupokea anatabasamu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi."

"Mama, hii kazi mliyonipa ilinitia aibu. Mzee wa watu kumwacha wazi vile, mvua inamnyeshea? Saruji ilibaki, nikasema hapana. Nimemfunika vizuri. Hapo hata tembo apite."

Na kweli alikuwa amemfunika. Zege laini, limepigwa mwiko likang'aa, na juu yake amechora mistari kwa msumari lifanane na vigae. Nakiri lilipendeza. Lilikuwa hasa kaburi nililolitaka tangu mwanzo.

Mama alikaa chini kwenye rundo la tofali. "Mtoe," akasema.

Fundi akarudi nyuma hatua. "Nimtoe mzee? Mama, hilo mpaka kibali cha serikali."

"Zege," nikamwambia. "Anasema utoe zege."

"Kuvunja kaburi la mtu? Samahani dada, hilo siliwezi. Mimi nina watoto." Ila nyundo alisema anayo, kama naihitaji.

Kwa hiyo mimi, niliyepigania zege lile mpaka sauti ikanikauka, ndiye niliyepiga magoti kwenye jua la Kisarawe nikilivunja. Lilikuwa bado bichi bichi upande wa ndani. Niligonga. Nikamlaani fundi na wema wake, nikamlaani mchungaji na dakika zake za majeruhi, nikamlaani shangazi, nikamlaani baba mwenyewe kwa kununua shamba mbali kiasi hiki. Vipande viliruka, kimoja kikanipiga kwenye paja. Nikagonga kwa nguvu zaidi.

Nikahisi mkono begani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na magoti yake mabovu.

"Taratibu, mwanangu. Utamshtua. Atadhani ndiyo siku yenyewe, atoke bure."

Niliiweka nyundo chini nikamgeukia. "Kwani siyo? Si kila siku unasema ni wakati wowote?"

Alitazama juu, akatazama pale chini ya kifusi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Bado," akasema. "Mwache alale."

Nikaendelea kugonga, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, na yeye akawa anaokota vipande.