Kaburi la Lukumani kule Lusu

Hakuna mtu mtaani Mtendeni, Tabora, aliyekufa mara nyingi kama Lukumani Abdulatifu. Amepigwa risasi, amesukumwa kisimani, amechomwa upanga wa bati mchana kweupe, na kila filamu yake ikitoka watoto wa mtaa humsimamisha njiani wamwulize kama kaburini kuna baridi. Naye huwajibu kwamba haifikii ile ya Tabora mwezi wa saba.

Alianzia kwenye karate, ukumbini Chemchem, kwa Mwalimu Emilian, na jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kupiga bali kuanguka. Baba yake, Abdulatifu, fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka Omani, alimshonea suti nyeupe akamwambia, "Anguka upendavyo, lakini usinichanie kazi yangu." Mama yake, Siwema, Mnyamwezi wa Lusu kule Nzega, ndiye aliyemkanda mabega kwa samli kila aliporudi anachechemea.

Watu wa filamu walipoona anavyoruka walimtaka palepale. Ila walimtazama pua na nywele, wakampa kazi ileile kila mara: Mwarabu mbaya anayeuawa mwishoni. Lukumani hakununa. Alizicheza zote, na katika filamu za wenzake akapanga mapigano, hata jina lake likafika Dar. Lakini damu ya mama yake haikuwahi kuonekana kwenye picha hata siku moja, na hilo lilimuuma.

Siwema mwenyewe hakuwahi kuimaliza filamu ya mwanawe. Akipigana, mama alikaa kitako akimshangilia. Ikikaribia zamu ya kufa, alijifunga kanga vizuri akatoka nje. Kumtazama mwanao amekufa, na yu hai, kwake kulikuwa uchuro.

Basi mwaka jana mwongozaji mmoja, Julieth, alikuja na filamu ya wapagazi wa njia ya misafara. Nafasi kubwa ilikuwa ya kiongozi wao, Mnyamwezi anayetoka pwani na mizigo, akafia karibu na kwao na wenzake wakamzika. Akampa Lukumani. Kijana hakulala kwa furaha. Akaomba picha zipigwe Lusu, kwenye shamba la mjomba wake Masanja, akamwalika mama yake aje ashuhudie. Habari ya mazishi hakuitaja. Mtu anayeruka mapaa, ulimi ulimwogopa mama.

Vijana wa Julieth, wageni wa Dar wenye bidii, wakachimba kaburi la kweli, kina cha kweli. Hakuna aliyewaambia kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Likikosa maiti huzikwa mgomba, la sivyo linakaa likingoja mtu.

Siwema alifika akakuta shimo liko wazi, na mwanawe kando yake, amelala kwenye machela, pamba puani.

"Lukumani! Inuka hapo!"

"Mama, shikamoo. Ni mchezo tu, mama."

"Marahaba. Kaburi halijui mchezo! Limefunguliwa kwa ajili yako na wewe umelilalia mlangoni. Ukiingia humo, mimi kwako sirudi tena."

Julieth akanong'ona kwamba mtu mwingine angeweza kuteremshwa, uso usionekane. Lukumani akatikisa kichwa: hakutaka mazishi ya Mnyamwezi wake aigizwe na mwingine, wala mama aondoke. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, lakini aliitoa pamba puani akaanza kuivua kaniki ya kipagazi.

"Bila mama yangu, dada Julieth, tafuta mtu mwingine."

Ndipo Chilongani aliposhuka kwenye baiskeli. Huyu ni Mgogo, fundi baiskeli aliyeoa hapo Lusu, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Hakuuliza kitu. Alijitupa kaburini na viatu vyake, akajinyoosha.

"Hapa hazikwi mtu! Babu zenu wakipita Ugogo walitoa hongo ndipo wakanywa maji. Leo mnataka kupita bure? Kaburi langu hili. Leteni kuku!"

Watu wakaanza kucheka. Chilongani akainuka mle shimoni, akamwigiza Lukumani: teke moja hewani, kelele za karate, kisha akaanguka chali, ulimi nje. Siwema alijizuia kwa nguvu zote. Alishindwa.

"Toka humo, mbwa wee! Nyie Wagogo hata kaburi mnaomba?"

"Kuku kwanza, shemeji!"

Huo ndio utani. Mtani peke yake ana ruhusa ya kukichezea kifo mbele ya wafiwa, na akishakichezea kinapungua ukali. Masanja alikamata jogoo, Chilongani akapanda juu naye kwapani, akipangusa udongo.

"Nimelilala mimi kwanza," alimwambia Siwema, sasa bila kucheka. "Likitaka mtu, linifuate mimi."

Siwema alilitazama shimo, akamtazama mwanawe. "Jioni mtazika mgomba humo," alimwamuru Julieth. "Na nitausimamia mwenyewe." Kisha akaketi chini pamoja na waombolezaji.

Lukumani aliteremshwa, akalala kimya kama alivyofundishwa Chemchem. Kilio alichokisikia juu yake hakikuwa cha waigizaji. Mama yake alikuwa akimlilia, anamwita kwa Kinyamwezi, na Julieth hakuthubutu kusema "kata" kamera zisimame.

Filamu ilipotoka ilioneshwa ukumbini Chemchem, watu wamejaa hadi madirishani. Lukumani alikaa karibu na mama yake. Machela ilipotokea kwenye picha, aliiona mikono ya Siwema ikiitafuta kanga, akasogeza miguu ampishe apite kama kawaida.

Mama hakuinuka. Aliushika mkono wa mwanawe, akabonyeza kwenye kifundo mpaka akausikia mshipa unapiga.

"Haya, kufa," akasema. "Nimekushika."