Ufa kwenye Kaburi la Mama

Nikiwa Kitale niliambiwa kaburi la mama limepasuka. Nikaja Kanduyi na simiti kidogo. Pale nyumbani wake wawili wa baba wamezikwa kando kwa kando, hakuna jina, na makaburi yote yamepasuka. Yalijengewa baada ya mazishi, nikiwa nimesharudi kazini, na sikukumbuka tena mama alizikwa upande gani. Niliona aibu kuuliza lipi ni la mama. Nikachagua lililo karibu na jiko. Nikachokoa ufa, nikaulowesha, nikaujaza simiti huku nikilia, "Mama, nimekuja."

Shangazi alikuwa nyuma yangu.

"Nafula, si huyo ni mke mwenza wa mamako! Walinuniana mpaka kufa, na wewe unamwita mama?"

Akanionyesha la mama. Vidole vyangu viliingia ufani vyote, na karai ya simiti ilikuwa tupu.