Mstari wa Alizeti Pori Juu ya Bangwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvipendezesha vijiti. Nilikata matawi ya alizeti pori kando ya barabara ya Simbo, nikayapima kwa futi mpaka kila kijiti kikalingana na mwenzake, nikapukuta majani yote, nikasawazisha ncha zote mbili kwa kisu na kuvipanga kwenye ndoo. Vilipendeza hata nikavipiga picha. Sikujiuliza upande upi ulikuwa juu kabla sijavikata.

Kilimo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu, nikiangalia video za mashamba ya mbali, na kila nilichokiona nilitaka kukifanya vizuri kuliko aliyenionyesha.

Shamba la mama liko mteremkoni, juu ya Bangwe. Kila msimu mvua huuchukua udongo wake na kuushusha, hata maji ya ziwa ufukweni yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kaka yangu mkubwa anafyatua tofali. Alimwomba mama amwachie shamba lile achimbe udongo kabla mvua hazijaumaliza, na kusema kweli hoja yake ilikuwa na uzito. Mimi nikasema naweza kuuzuia. Niliwaeleza kwamba kichaka kile cha maua ya njano, ambacho kila mtu anakipita njiani, kikipandwa kwa mistari inayokata mteremko kinashika udongo, na majani yake yakioza ni mbolea. Mama akaamua: nina muda mpaka maharage ya mvua za kwanza yavunwe. Udongo ukiendelea kushuka, kaka anachimba.

Nilipanda kwa kamba, mistari imenyooka. Wiki ya kwanza nilikwenda kila asubuhi kupiga magoti na kutafuta machipukizi. Wiki ya pili vijiti vingi vilianza kuwa vyeusi, na mimi nikaanza kudanganya. Mama akiuliza, namwambia vimechelewa kwa sababu ya baridi. Baridi, hapa Kigoma. Kaka alikuwa akipita ananiuliza, “Injinia, wameamka hao?” Nacheka naye, halafu akishapita narudi kupiga magoti.

Mwanzoni mwa Desemba shangazi, dada wa marehemu baba, alishuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda, amepakata mkungu wa ndizi. Mama akamtuma shambani kwangu aone maajabu. Aliipokea shikamoo yangu huku macho yake yakiwa kwenye mistari. Akang'oa kijiti kimoja, akapitisha kidole kwenye makovu ya majani, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

“Baba, umevipanda kichwa chini.”

“Vyote?”

“Hivi vilivyokufa. Vilivyopona ulibahatisha.”

Alisema vimekaa kama darasa zima lililoadhibiwa. Kisha akaniangalia.

“Ulijua lini kwamba vimekufa?”

“Wiki mbili zilizopita, shangazi.”

“Na hukumwambia mtu.”

Hakuning'ang'ania. Aliomba panga, akanionyesha: upande wa chini kata mshazari, wa juu kata sawa, basi mkono wenyewe utajua upi unaingia ardhini. Akaniambia pia nilaze matawi yaliyobaki nyuma ya mstari, majani na yote, yapokee udongo wakati mizizi inajipanga.

Mchana uleule nilikuwa barabara ya Simbo. Sijawahi kukata kwa furaha kiasi kile. Vijiti vilikuwa virefu kwa vifupi, vingine vimepinda, na sikupima hata kimoja. Nilipanda nikiwa nimelowa chapachapa, utomvu mchungu umenijaa mikononi, naimba. Siku ya tisa nikaona kijani, ncha ndogo kama ya kiberiti, halafu nyingine, halafu nyingine. Nilikimbia mteremko mzima hadi nyumbani kumwita mama, kandambili moja ikabaki njiani. Hapo hapo, kabla pumzi haijarudi, nikamwambia pia habari ya vile vya kwanza.

“Nilijua,” alisema mama. “Wewe ukidanganya unaongea kama redio.”

Januari, maharage yakiwa karibu kukauka, ilinyesha mvua ya nusu siku. Ilipokatika tuliupanda mteremko wote watatu, mama, kaka na mimi. Nilitamani kufumba macho. Maji yalikuwa yamepita, lakini nyuma ya kila mstari udongo ulikuwa umejilaza, mwekundu, laini, umefika hadi kwenye vifundo vya vichaka. Kaka aliuchota, akaufinyanga kidogo kwa mazoea yake. Mama akamwambia akatafute pengine. Yeye akasema sawa, ila maua yakitoka anataka ya kupamba tanuri.

Yalitoka Mei, yote kwa pamoja, njano hadi macho yanauma, na nyuki wake.

Shamba bado ni la mama na mimi ndiye ninayelilima. Mwaka huu, kabla sijakata tawi hata moja, nilimpigia shangazi simu nikamwambia kuna mambo matatu siyajui.